Bi Mwalimu Anajifunza Baridi

Ukitaka kumjua Bi Mwalimu usianze na mishale. Anza na sebule yake ya Al Khuwair, hapa Maskati, mwezi wa Agosti, wakati lami ya nje inalainika na mtu akishika mlango wa gari anarudisha mkono. Ndani, mashine ya baridi imeshushwa mpaka mwisho. Mumewe amejifunika blangeti hadi kidevuni, anatazama habari. Na yeye mwenyewe amesimama katikati ya zulia, kavaa sweta la sufu juu ya sweta jingine la sufu, koti nene juu yake, glavu, na kofia ya kuziba masikio, anauvuta upinde polepole na kuurudisha polepole, maana upinde haufyatuliwi bila mshale.

Siku ya kwanza nilipomkuta hivyo nilikuwa nimewapelekea sahani ya mkate wa kumimina.

"Ingia, funga mlango, baridi inatoka," aliniambia, bila kugeuza shingo.

"Mwanangu," mumewe akasema kutoka ndani ya blangeti, "mashahidi tuwe wawili. Miye nimeomba chai tu tangu adhuhuri."

Mambo ya ukoo wake na alikozaliwa siyajui vizuri, na sidhani kama yangesaidia. Mimi nilimjua kwa filimbi. Alitufundisha mazoezi ya viungo shuleni, na Kiarabu cha shule kilitaka tumwite Ustadha, lakini mama zetu, waliokuwa wakisimama naye mlangoni wakizungumza Kiswahili mpaka madereva wachoke kupiga honi, walimwita Bi Mwalimu, na hilo ndilo jina lililomganda. Miaka mingi baadaye nilipata kazi wizarani, nikapanga nyumba karibu na ofisi, na siku ya kuhamia nikasikia sauti kwenye ngazi inawaambia wabeba kabati wainue kwa magoti, si kwa mgongo. Nikajua nimepanga nyumba juu ya nani. Mpaka leo nikikutana naye kwenye lifti nanyoosha mabega, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto wanaonisumbua.

Sauti hiyo tuitaje mapema, kwa sababu ndiyo iliyomponza. Bi Mwalimu hana sauti ya ndani. Anayo moja, ya uwanjani, na anaitumia kwa kila jambo: kuuliza bei ya kitunguu, kuomba dua, kumwambia mtu siri. Aliponiambia siri ya ujauzito wa mpwa wake, mlinzi wa jengo alinipa hongera nikishuka.

Kuwinda alikutoa Marekani. Alipelekwa huko kusoma akiwa msichana, kwenye mji wa milimani, na kwa kuwa somo lake lilikuwa michezo alitakiwa achague mmoja wa kujifunza. Akachagua upinde, kwa sababu, anasema, ndio mchezo pekee ambao hakuna mtu anayekukimbiza. Huko akapata shoga, msichana wa darasa lake ambaye kwao waliwinda kwa mishale tangu babu, na shoga akamwonyesha elki. Elki ni mnyama wa jamii ya paa, ila ana kimo cha ng'ombe, na dume lake hubeba pembe za matawi matawi. Mama yangu alipoonyeshwa picha alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama huyo analala wima, kwa sababu kwa pembe zile hawezi kugeuka kitandani.

Tangu pale Bi Mwalimu alirudi kwa shoga yake kila alipoweza, mara nyingi mwanzo wa msimu, Septemba, majani yanapobadilika rangi. Alikwenda na mumewe kila safari. Mume hakukubali aende peke yake, na yeye hakukubali mume abaki peke yake na friji. Lakini Ami, kama ninavyomwita mzee huyo, hakupata kuvuka baraza ya nyumba ya shoga. "Miye mtu wa pwani," husema. "Baridi naijua ya kwenye soda." Alikaa jikoni na kumpikia shoga pilau, na shoga, nasikia, alianza kumngoja yeye kuliko mgeni wake.

Na kila mwaka Bi Mwalimu alirudi mikono mitupu. Jengo zima lilijua. "Bi Mwalimu, umetuletea nini?" tulimuuliza. "Nimekuleteeni mafua," alijibu, na kumimina karanga za Kimarekani kwenye sahani.

Mwaka wa kwanza aliponzwa na udi. Mama yake, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kumwacha binti asafiri ananuka kama chumba cha hoteli. Usiku wa kuamkia safari alitandaza nguo zote za msituni juu ya tenga la kufukizia, akatia udi mzuri uliokuwa umefichwa kwa ajili ya harusi, akazifukiza mpaka soksi. Basi Bi Mwalimu akaketi nyuma ya gogo kwenye mlima wa watu, ananukia kama bibi harusi, na upepo ukichukua salamu zake na kuzipeleka bonde zima. Elki ananusa mtu kabla hajamwona. Shoga alimwambia kwa upole kwamba, kwa makadirio yake, wanyama walikuwa wameshavuka mpaka wa jimbo.

Toka hapo akawa na sheria: miezi ya matayarisho, hakuna udi nyumbani, hakuna manukato, nguo zinafuliwa kwa sabuni isiyo na harufu na kufungwa kwenye mifuko. Sasa wewe fikiria nyumba ya watu wetu, hapa Maskati, mgeni anaingia na hapokewi na harufu yoyote. Jirani mmoja wa ghorofa ya juu aliingia siku moja kuazima mizani ya jikoni. Akamkuta Bi Mwalimu kavaa nguo za rangi ya vumbi, hana wanja, hana udi, nyumba kimya, kiti cha mume kitupu. Mwanamke anayeacha manukato kwa namna ile ni mwenye eda, aliyefiwa na mume. Jirani hakuuliza. Alipanda juu machozi yakimtoka, na baada ya swala ya magharibi wakaja wanawake wanne kuhani, wamebeba kahawa na tende, wakakaa chini, wakainamisha vichwa, wakaanza kumsifu marehemu: alivyokuwa mpole, alivyokuwa hana makuu, alivyopenda kula. Bi Mwalimu naye, akidhani wanamsema mtu wa jengo asiyemjua, akawa anaitikia Innalillahi kwa sauti yake ile. Wakati huo marehemu akatoka kuoga na taulo begani, akauliza, "Nani kafa?"

Ami anasema hajapata kusifiwa kama siku ile, na kwamba laiti angebaki bafuni kidogo.

Mara nyingine ilimponza sauti. Hii anaisimulia mwenyewe, na akifika hapo husimama. Elki jike alitoka kwenye miti, akasimama umbali wa kutoka mlango wangu hadi kwenye lifti. Upepo mzuri, udi hakuna, mkono imara. Akavuta. Sasa, nyama ya mawindo kwetu ni halali ukitaja jina la Mungu unapoachia mshale, na kutaja ni kwa ulimi. Wapo waliomwambia aliyesahau ana udhuru. "Lakini miye sijasahau," alisema. "Ntajidanganya nimesahau?" Kwa hiyo akasema Bismillah. Akaisema kama alivyokuwa akitusimamisha tukiwa tunakimbia upande wa pili wa uwanja. Elki akaruka wima, mshale ukapita palipokuwa na ubavu na kujichomeka kwenye shina la msonobari.

"Mti ule ni halali mpaka kesho," mumewe hupenda kuongeza.

Kujifunza kunong'ona kulimchukua muda kuliko kujifunza upinde. Alifanya mazoezi jikoni, kwenye simu, kwenye foleni ya benki ambako watu walidhani anaumwa koo. Sisi wanafunzi wake wa zamani tuliitwa kusikiliza, tukikaa upande wa pili wa mlango, na kusema kama tumesikia. Tulisikia. Tulisikia kwa miezi mingi, mpaka ikafika siku moja hatukusikia kitu, tukafungua mlango tukidhani ameanguka.

Mtu mwenye hamu hiyo ya kuwinda utasema ana moyo mgumu. Basi njoo umwone siku ya Idi Kubwa. Mbuzi akishaletwa shambani kwao Yiti, Bi Mwalimu humpa maji, humkuna shingo, humpa jina, na asubuhi ya kuchinja hujifungia chumbani na kuwasha redio. Nyama yake anaila vizuri sana. Nilimuuliza mara moja, tukiwa tunachambua mchele, itakuwaje siku akimpata elki kwa kweli.

"Ntalia," alisema. "Halafu ntampika."

"Sasa unakwenda kutafuta nini huko, Bi Mwalimu, kama utalia?"

Alipepeta ungo kidogo. "Kule nakaa kimya, mwanangu. Kutwa nzima. Namsikia ndege, nasikia jani linadondoka kutoka tawini. Hapa nani ataninyamazisha?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini jibu hilo nilikaa nalo.

Mwaka jana mambo yakabadilika kwa sababu ya karatasi moja iliyotoka kwa bahati nasibu. Kule kwa shoga, mwisho wa msimu, wakati theluji imeshatanda na elki wameshuka kutafuta malisho, hutolewa vibali vichache vya kuwinda kwa upinde peke yake. Watu huomba miaka na miaka. Bi Mwalimu alikuwa akiomba kwa mazoea, kama mtu anayenunua kuponi ya dukani, na mwaka jana kikatoka. Tatizo ni kwamba kilitoka wakati bega lake la kulia limeshachoka. Miaka ya kurusha mpira na wasichana wavivu kama mimi ililila, na daktari alishamwambia huo utakuwa msimu wa mwisho, kama utakuwapo. Sheria ya kule inataka upinde uwe na nguvu isiyopungua kiwango fulani, ili mnyama asijeruhiwe akaenda kufa mbali. Kiwango hicho alikuwa akikiweza, kwa shida, akiwa na fulana moja, Maskati. Swali lilikuwa kama atakiweza kwenye baridi, misuli imekaza, makoti mawili begani. Hakuwa amewinda kwenye theluji hata siku moja. Akiweza, anakwenda. Asipoweza, ndiyo basi, maana kibali kingine hakitamkuta na bega.

Akajitayarisha kama anavyofanya kila kitu, yaani sote tulijitayarisha. Alikuwa na msemo wake mpya: "Baridi si adui, adui ni jasho." Alitueleza kwenye lifti kwamba mtu anayepanda mlima amejifunika sana anatoka jasho, kisha akiketi kungoja, jasho linageuka barafu mgongoni na kumtoa roho. Kwa hiyo unapanda umevaa kidogo, unabeba koti, na unalivaa ukishafika. Pamba ilipigwa marufuku, kwa kuwa inashika maji; sufu tu. Watu wa Al Khuwair wanaotoka jasho kwenda kutupa taka walisikiliza kwa heshima. Mlinzi wetu, mtu wa Mombasa, alimuuliza kama elimu hiyo ina matumizi yoyote hapa. "Itakufaa akhera, usipojirekebisha," alimjibu, kisha akakumbuka kwamba huko hakuna baridi, akacheka mwenyewe.

Kila Ijumaa asubuhi tulikwenda Yiti. Nyuma ya shamba alisimamisha godoro kuukuu na kulichora elki kwa rangi nyeusi. Alitoka kama mbuzi mwenye matawi kichwani, lakini mshale ulikwenda ulikotakiwa. Alipiga akiwa amesimama, akiwa amepiga goti, akiwa ameketi kwenye kigoda, kwa sababu mnyama hakungoji uinuke. Aligundua kwamba mkono wa koti unagusa uzi wa upinde na kuupoteza mshale, akaushona upya, ukawa umebana kama soksi. Aligundua kwamba kwa glavu nene kidole chake hakikihisi kifyatulio, kile kidude cha kuachia uzi kinachofungwa kifundoni mwa mkono, akatafuta nyembamba za kuvaa ndani ya nene. Kila Ijumaa alipata kosa moja jipya na akarudi nyumbani amefurahi.

Lakini Yiti, hata Novemba, si baridi. Baridi ya kweli ilikuwa Sidab. Shemeji yake ana chumba cha barafu pale karibu na forodha ya samaki, kikubwa, cha kuhifadhia nguru na jodari, na Bi Mwalimu alikiomba kwa ajili ya mtihani wa mwisho, siku chache kabla ya safari. Aliniomba niwe shahidi. Nilikubali kabla hajamaliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwa ajili yake. Kwa wiki nzima nilikuwa nikimsikia asubuhi, chini yangu, akiuvuta upinde na kuguna.

Ami alituendesha. Tulipofika alibaki ndani ya gari, akasema mambo ya barafu hayamhusu.

Chumba kile kilinigonga usoni. Masanduku ya samaki yamepangwa hadi juu, pumzi zinatoka nyeupe, sakafu inateleza. Bi Mwalimu aliketi kwenye sanduku, akatulia mpaka baridi imwingie, kama inavyomwingia mtu anayengoja. Shemeji alipiga chafya. Mimi niliacha kuihisi pua yangu. Baada ya muda akainuka, taratibu, akapachika mshale, akauelekeza kwenye marobota ya magunia yaliyopangwa ukutani, akavuta.

Uzi ulikuja wote. Mkono ulifika kidevuni, ukakaa, haukutetemeka. Midomo ilicheza, hatukusikia kitu, na mshale ukajaa kwenye gunia.

Nilipiga makofi. Shemeji akasema Mashallah. Nilihisi furaha ya kitoto, ile ya kushinda mbio za kupokezana.

"Tuupime," alisema Bi Mwalimu.

Wanapima samaki kwa mizani ya kuning'iniza, yenye ndoana. Shemeji akatundika uzi wa upinde kwenye ndoana, akaushika upinde na kuuvuta chini, na sote tukatazama mshale wa mizani ukipanda. Ukasimama kabla ya alama ya kiwango kile cha sheria. Akavuta tena. Ukasimama palepale.

Bi Mwalimu aliushusha upinde, akautazama kwenye skrubu zinazokaza na kulegeza nguvu zake. Alizigusa kwa kidole.

"Nani kaushika upinde wangu?"

Tulitazamana. Kisha akaenda mlangoni, akaufungua, na kwa sauti ambayo Sidab nzima inaikumbuka akamwita mumewe.

Ami aliingia na kanzu nyeupe na ndara miguuni, amejikumbatia. Hakuulizwa.

"Miye," alisema. "Nimeulegeza jana, ulipokuwa unasali alasiri."

"Ungeniacha niende hivyo? Nimpige mnyama kwa upinde dhaifu, akafie kichakani na mshale tumboni?"

"Hilo sikulifikiri." Meno yalikuwa yanamgongana. "Nlifikiri ukiweza kuuvuta utalala. Hulali, bibi we. Unageuka usiku kucha na bega."

 Bi Mwalimu alitoa ufunguo mdogo mfukoni, akazirudisha skrubu mahali pake, moja moja, bila haraka. Shemeji akapima: ulifika kwenye alama. Akasimama, akavuta. Mkono ulifika nusu, ukakwama. Akashusha, akapumua, akavuta tena, na niliona bega linapanda kuelekea sikioni, jambo ambalo shuleni lilikuwa linatugharimu kuzunguka uwanja. Mara ya tatu hata nusu hakufika. Nilitaka kutoka nje, nikaona aibu kumwacha.

Alifungua kifyatulio kifundoni, akakitia mfukoni, akaupumzisha upinde juu ya sanduku la nguru.

"Basi," alisema. "Nitawapigia simu niwarudishie kibali chao."

 Akanyamaza, na huo ndio ukimya wa kwanza niliowahi kuusikia kutoka kwake bila ya kuufanyia mazoezi. 

"Tiketi zimeshakatwa," Ami akasema.

"Zirudishe."

"Sizirudishi. Tunakwenda."

"Kufanya nini, bwana we? Bila upinde?"

"Kukaa." Alikuwa anarukaruka kidogo, mguu mmoja baada ya mwingine. "Si unasema kule unakaa nyuma ya gogo, kimya, kutwa? Ntakaa na wewe. Waje hao elki, wapite, waende zao. Miye miaka yote hii nimekuoa, sijapata kukuona umenyamaza. Nataka nikaone."

Shemeji aligeukia samaki wake. Bi Mwalimu alimtazama mumewe kwa muda, kuanzia kofia ya kazi ya mkono, iliyokuwa imeanza kushika umande wa barafu, hadi kwenye ndara. Nikaona uso wake unahangaika, haujui ulie au ucheke.

"Utakufa na baridi," alimwambia, na alimwambia kwa kunong'ona.

"Nifundishe."

Alijifuta macho kwa glavu. Kisha akanigeukia mimi, sauti imerudi uwanjani.

"Wewe, umesimama nini? Mpime mguu. Viatu vya theluji vya saizi yake tutavipata wapi kabla ya Alkhamisi?"

Ami akavua ndara moja, akaninyooshea mguu huku amemshika mkewe bega la kushoto, lile zima, nami nikapiga goti kwenye barafu na kuupima kwa shubiri.